Doto Nimekuja Naye

Kila nikishika kipaza sauti ukumbini, kabla hata sijawasalimia maharusi, namshukuru kwanza Wakili Sekela Bukuku. Kamati za harusi hapa Tabora zimeshanizoea. Wageni wanadhani ni shangazi wa bwana harusi, wanapiga makofi, kina mama wengine vigelegele kabisa, nami nawaacha wapige. Mwanamke yule apigiwe vigelegele na mji mzima, bado nitaona havijatosha.

Na msije mkadhani ni malaika. Jina lake kwao Unyakyusa maana yake furahi, lakini kumwona akicheka uwe na bahati yako. Hajui kubembeleza. Siku ya kwanza alipokuja kwangu alionja chai yangu akasema ina sukari kama uji wa mgonjwa. Tuligombana mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Hata hivyo, haki ya Mungu, sijui ningekuwa nani leo bila yeye.

Ngoja nieleze vizuri, maana nikianza kushukuru huwa naruka mambo.

Siku ya kumwandikisha mwanangu Nyamizi darasa la kwanza nilimvalisha soksi mpya nyeupe, tukatoka nyumbani tukiimba. Shule zote siku hizi zina kisomeo getini, kile kibao cha kioo unachokigusa kwa kiganja. Kinaonja jasho lako tu, basi, kimekujua: wewe nani, mzazi wako nani, karanga zinakudhuru au hazikudhuru. Mzazi anaweka mkono, mtoto anaweka mkono, taa ya kijani inawaka, mnapita. Nilikuwa na haraka, nina sherehe ya kumuaga bi harusi mchana ule. Nikaweka kiganja. Nyamizi akaweka chake, akacheka kwa sababu kioo kilikuwa cha baridi.

Taa ya kijani haikuwaka. Yakatokea maandishi, na mlinzi, maskini, akayasoma kwa sauti kabla hajayaelewa.

"Uhusiano: mama mkubwa au mama mdogo. Mama mzazi: hajulikani."

"Kimekosea hicho," nikasema. "Mama mzazi ndiye mimi."

"Weka tena, Mama Nyamizi."

Nikafuta mkono kwenye kanga, nikaweka tena. Maneno yakawa yale yale. Nyuma yetu wazazi walikuwa wamejaa, mmoja akaanza kuguna. Mwalimu mkuu alipoitwa akaja mbio, akasoma, akanitazama, na wala hakuniita Mama Nyamizi kama siku zote. Aliniita Bi Kulwa. Hapo ndipo nilipomshika Nyamizi mkono.

Sheria ya Saini iliandikwa kwa nia njema, sitaitukana. Ilikuwa zama za watoto kuibwa wodini na vyeti vya kuzaliwa kuuzwa waziwazi sokoni. Ndipo wakubwa wakaamua kwamba karatasi zinadanganya, vinasaba havidanganyi. Kila raia ana saini yake moja, imesomwa kwenye damu yake na kuwekwa Rejista, na mama wa mtoto ni yule anayetajwa na saini. Mtoto ambaye mama yake hajulikani kwenye Rejista anakaa na Serikali mpaka mama apatikane.

Nilikuwa na kadi ya kliniki. Nilikuwa na mkunga aliyempokea Nyamizi kwa mikono yake. Baba yake Nyamizi alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, lakini saini yake ilikuwepo na ilikubali kwamba mtoto ni wake. Nilikuwa hata na kovu la upasuaji. Ofisa wa ustawi wa jamii, dada mpole tu, alilitazama lile kovu, akanipa pole, kisha akasema kovu linaonyesha nilizaa, halionyeshi nilimzaa nani.

Wakamchukua palepale getini. Alikuwa akiniita mpaka gari likapinda kona.

*

Mawakili niliowaendea walinisikiliza kwa huruma, wakanirudisha nyumbani. Kubishana na saini mahakamani kulionekana ni kichaa. Wakili Sekela aliposikia habari zangu alikuja mwenyewe kwangu, akakaa kwenye kochi, akatoa viatu kana kwamba amefika kwao.

"Mama Nyamizi," akasema, "naomba unieleze ulivyomzaa mtoto wako."

Alikuwa wa kwanza kuniita hivyo tangu siku ile. Nililia kwanza, yeye akasubiri. Ndipo akaionja ile chai na kuisema.

Nikamweleza yote. Kilichomsumbua ni kimoja. Kisomeo kilisema mama wa Nyamizi ni ndugu yangu wa baba mmoja mama mmoja, na mimi ni mtoto pekee. Mama yangu hakuzaa mwingine, si kabla yangu wala baada.

"Kuna watu wachache sana huzaliwa hivi," akasema. "Mimba inaanza na mapacha wawili, wangali wadogo kuliko punje ya ulezi. Wanagusana, wanashikana, wanakuwa mtu mmoja. Hakuna aliyekufa. Ni kama umechukua donge la unga mweupe na donge la unga wa ngano nzima ukasukuma chapati moja. Huku nyeupe, huku nyekundu, lakini chapati ni moja. Damu yako inaweza kuwa ya pacha mmoja, na mayai yako ya uzazi yakawa ya mwenzake. Rejista ilipima damu tu."

Jamani, nilisimama. Nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka akadhani nimechanganyikiwa.

"Bibi yangu!" nikamwambia. "Bibi alisema!"

Bibi mzaa mama ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Alinitazama tumbo akaona upande wa kushoto ni mweupe kuliko wa kulia, na katikati pamepita mstari kama mshono wa gauni. Akatangaza palepale: hawa ni wawili, wamekuja na nguo moja. Akaniita Kulwa, jina la pacha anayetangulia; anayefuata ndiye Doto. Watu wakamcheka, Kulwa gani asiye na Doto? Bibi hakujali, akafanya mila zote za mapacha, mtoto mmoja mgongoni. Nilipokua ule mstari ukafifia, bibi akafariki, likabaki jina na maswali yake. Sijawahi kujitambulisha kwa mtu yeyote Tanzania hii asiniulize Doto yuko wapi. Ukumbini nimefanya ndiyo kichekesho changu: Doto nimemwacha jikoni anawapikia pilau.

Wakili Sekela alisikiliza, akatikisa kichwa. "Ni simulizi nzuri. Mahakamani haitasimama."

"Basi tupime upya, wapime popote!"

"Hapo ndipo penye ubaya, Mama Nyamizi."

Akanieleza. Zamani majambazi walikuwa wakijipandikiza uboho wa mifupa ya watu wengine ili damu yao iwapoteze askari. Serikali ikapiga marufuku. Mtu yeyote akikutwa na saini ya pili ambayo hakuitangaza Rejista, ni jela, na mtoto hakabidhiwi mfungwa.

"Hata kama nimezaliwa nayo?"

"Sheria haiulizi umeipata wapi. Inauliza uliitangaza au hukuitangaza."

Kulikuwa na njia nyingine, na alikuwa amedokezwa siku hiyo hiyo na Wakili wa Serikali, Bwana Rwegoshora, alipokwenda kuulizia kesi yangu. Niape mbele ya hakimu kwamba sikumzaa Nyamizi. Niseme nilikuwa namlelea ndugu ambaye simjui alipo. Kwa kuwa saini yenyewe ilishanitambua kuwa mama mkubwa au mdogo, ningekabidhiwa mtoto kama ndugu wa karibu, siku ile ile.

"Sasa unangoja nini kuniambia?" nikaruka. "Naapa! Hata sasa hivi naapa! Mimi ni mshereheshaji, Wakili. Nimeshamsifia bwana harusi aliyelewa chakari kwamba ni kijana mtulivu, na ukweni wakaniamini. Neno moja la uongo litanishinda?"

"Sitakusimamisha kizimbani kulisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua ni uongo. Ningekuwa sijui, sawa. Uliyoniambia ni siri yako, hakuna atakayeitoa mdomoni mwangu. Lakini siwezi kukuuliza swali huku najua jibu lake ni uongo, halafu nimgeukie hakimu nimwambie pokea."

"Mwanangu analala kwenye kitanda cha Serikali, wewe unanihubiria!"

"Sihubiri. Nakueleza nisichoweza."

"Wewe umewahi kuzaa?" Nilishajua jibu. Nilitaka tu imchome.

"Sijazaa," akasema. Akavaa viatu vyake, akainywa chai yote, akaondoka. Mimi nikabaki namtukana mpaka jirani akaja kuniuliza kama nimeingiliwa na mwizi.

*

Nilikwenda mahakamani nimeamua. Kama Wakili Sekela haniulizi, Bwana Rwegoshora ataniuliza, na mimi nitajibu anavyotaka, nimchukue mwanangu twende zetu. Nilimwona Wakili amekaa mezani na joho lake, uso umefungwa. Sikumsalimia.

Hakimu alikuwa mzee Shemhilu, mtu wa Lushoto, mpole wa sauti. Nikaapishwa. Bwana Rwegoshora akainuka. Ni mstaarabu yule, sitamsingizia, na aliona nilivyong'ang'ania ukingo wa kizimba.

"Taja majina yako kwa mahakama."

"Kulwa Mihambo."

Akatabasamu, nadhani alitaka kunitoa hofu, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. "Kulwa! Na Doto yuko wapi?"

Watu wakacheka. Karani akacheka, mzee Shemhilu mwenyewe akashusha miwani akatabasamu. Na mdomo wangu huu uliozoea kumbi haukungoja ruhusa.

"Doto nimekuja naye, mheshimiwa."

Kicheko kikaongezeka. Mtu mmoja tu hakucheka. Wakili Sekela alikuwa ameinuka polepole, amenishikilia kwa macho.

"Mheshimiwa hakimu," akasema, "naomba swali la msomi mwenzangu na jibu la shahidi yaandikwe kama yalivyosemwa, neno kwa neno. Kisha naomba nizungumze na mteja wangu kidogo."

Alinivuta nje barazani, kwenye benchi la mbao, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya moto.

"Umesikia alivyouliza? Hakuuliza kama una pacha. Ameuliza yuko wapi."

"Wote huuliza hivyo."

"Wote! Maana yake jina lako limeshawaambia kwamba yupo. Na jina hilo liko Rejista tangu ulipoandikishwa. Mama Nyamizi, wewe ulimtangaza Doto. Bibi yako alimtangaza, na wao wenyewe wakamwandika."

Nikataka kurudi ndani mbio, akanikalisha.

"Sikiliza kwanza. Hakimu anaweza kulikataa hili. Akilikataa, tumeshakiri saini ya pili, unakwenda jela, na Nyamizi humpati. Na mtambo usipoona kitu, mimi nafutwa uwakili, maana anayeomba saini ipimwe upya huuweka dhamana, lakini hilo niachie mwenyewe. Siri ni yako. Bila ruhusa yako sisemi neno. Ukitaka kuapa kama Rwegoshora alivyopendekeza, nitajitoa kwenye kesi, sitasema sababu, na jioni hii mtoto yuko nyumbani."

"Jioni hii," nikasema.

"Jioni hii."

Hakunisukuma huku wala kule. Sijui wangapi wangeweza kukaa kimya namna ile huku kazi yao yote iko mdomoni mwa mtu mwingine.

"Basi nitaapa," nikasema.

"Sawa. Jaribu kulisema hapa kwanza, kabla hujalisema kule."

Ebo! Neno dogo kama lile? Nikavuta pumzi kama ninavyovuta kabla ya kuita maharusi. "Mimi, Kulwa Mihambo, siku..." Nikakohoa. Nikaanza tena. "Siku..." Sauti hii inayojaza ukumbi bila kipaza ikakataa katakata. Nilimwona Nyamizi alivyotolewa, rangi yake ya zambarau, vidole vyake vilivyonishika kabla hajafumbua macho. Nililia kwa nguvu mpaka askari wa mlangoni akageukia ukutani.

"Sema," nikamwambia Wakili. "Mseme Doto. Waambie yote."

*

Ndani, Wakili Sekela alipoanza kumweleza hakimu habari ya jina langu, Bwana Rwegoshora aliinuka haraka.

"Mheshimiwa, lile swali langu lilikuwa utani tu."

"Nakubali," akasema Wakili Sekela. "Je, shahidi angeitwa Tatu, msomi mwenzangu angemtania kwa kumwuliza Doto yuko wapi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Kulwa ni..." Akasita. Mahakama nzima ilimsikia akisita. "Kulwa ni pacha."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha. Kila mtu anajua."

"Rejista iliyoandika jina hilo haijui?"

Bwana Rwegoshora alifunga jalada lake. Angeweza kuendelea kubisha, analipwa kubisha. Badala yake akamgeukia hakimu akasema, "Mheshimiwa, kwa hili sina la kuongeza," akaketi. Naye namshukuru. Binti yake alipoolewa nilisherehesha kwa moyo wangu wote.

Wakili Sekela akaomba nipimwe mara ya pili, akaweka uwakili wake dhamana kama sheria inavyotaka. Mzee Shemhilu akamwuliza kama anaelewa anachoweka mezani. Akajibu anaelewa, kwa sauti ile ile aliyosemea chai yangu.

Wakaniingiza chumba cha pembeni na muuguzi mwenye kisomeo cha mkononi. Akagusa damu: Kulwa Mihambo. Ndani ya shavu: Kulwa Mihambo. Nywele za utosini, za kisogoni: Kulwa, Kulwa. Chini ya mlango niliona viatu vya Wakili vimesimama, havitembei.

"Bibi alisema upande wa kushoto," nikamwambia muuguzi. "Tumboni."

"Mbona sioni mstari?"

"Ulikuwepo. Gusa tu, mwanangu, gusa."

Akagusa ubavu wa kushoto. Kile kioo kilitulia, kikatulia, nikadhani kimezimika. Kisha kikaandika: saini hii haimo kwenye Rejista. Uhusiano na Kulwa Mihambo: ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Uhusiano na Nyamizi: mama mzazi.

Muuguzi akaweka mkono mdomoni. "Kumbe kweli umekuja naye," akasema.

Nilijishika ubavu wangu pale, nikamkumbatia mtu ambaye nimemtania miaka yote kwamba yuko jikoni. Nikamwambia ahsante. Ahsante mwenzangu, umenipa mtoto.

Mzee Shemhilu aliandika hukumu yake kwa mkono, akaisoma bila haraka. Mengi yalikuwa ya kisheria yakanipita. Moja nililisikia, na leo wanafunzi wa sheria wanalikariri. Alisema mtu hawezi kuhesabiwa ameficha jambo ambalo kila anayemsalimia anamwuliza. Saini ya pili ilikuwa imetangazwa. Kosa hakuna. Mama wa Nyamizi ni mwanamke huyu aliyesimama hapa, mzima mzima, na Rejista imwandike hivyo.

Nilimrukia Wakili Sekela shingoni mbele ya watu. Alisimama kama mlingoti, hajui aweke wapi mikono.

"Nilikutukana," nikamwambia. "Nilikuuliza kama umezaa."

"Uliniuliza, nikakujibu." Akajinasua, akakusanya vitu vyake. "Mama Nyamizi, mtoto anakungoja, na wewe unanilowesha joho."

*

Nyumba ya Watoto ina uwanja mpana wa mchanga. Nilitegemea akiniona atakuja mbio, kama tunavyoona kwenye picha. Nyamizi hakuja mbio. Alitoka mlangoni na begi lake, mtu amemsuka nywele vibaya, akasimama mbali kidogo akinitazama. Nikapiga magoti mchangani. Bado hakusogea.

"Wamesema mama yangu hajulikani," akasema.

"Walikosea. Wamesharekebisha."

Akafikiri. Alikuwa amekonda mashavu. Nilitaka kumvuta, nikajizuia, maana niliona kuna jambo analibeba na lazima alitue mwenyewe.

"Kuna mwenzangu humu," akasema, "mama yake alikwenda mahakamani akasema hakumzaa. Yeye alikuwepo. Alimsikia." Akashusha macho, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Na wewe uliwaambia hukunizaa?"

Nimesema maneno mengi maishani, mengi yakiwa ya kupamba. Lile moja nililisema bila kupamba, nikimtazama machoni, na sikulazimika kutafuta pa kuficha uso wangu.

"Hapana, mwanangu. Sikusema."

Alinichunguza vile watoto wanavyochunguza, kila pembe. Kisha akaja mpaka nilipopiga magoti, akavua begi lake mgongoni, akanipa nimbebee.